Sahihi mbili za fonksioni ni sawa wakati gani?

Wenye kujifunza kuandika programu za ordinatere katika miji yetu ya mashariki wanakutana mapema na neno hili: sahihi ya fonksioni. Si ile sahihi unatia chini ya barua. Fonksioni ni kipande cha programu chenye kufanya kazi fulani, na sahihi yake ni ule mustari wa juu wenye kuonyesha inaomba vitu gani.

Tuseme ni programu ya kutuma makuta kwa telefone. Mutu mumoja anaandika tuma(numero, franka). Mwenzake, katika faili ingine, anaandika tuma(franka, numero). Je, sahihi hizi ziko sawa?

Kama vitu vyote viwili ni namba za aina moja, kwa Java ni sawa kabisa. Java inaangalia jina la fonksioni, aina ya vitu na namna vinafuatana. Majina ya hivyo vitu haiyajali. Basi ukiweka fonksioni moja pahali pa ingine, Java haitasema kitu, na namba ya telefone itasomwa kama kiasi cha makuta. Hata kile fonksioni inarudisha hakihesabiwi. Ukiandika mbili zenye kutofautiana kwa hicho tu ndani ya klasi moja, Java inakataa: kwake ni sahihi moja iliyoandikwa mara mbili.

Python iko tofauti. Tangu toleo la 3.3, la mwaka 2012, kuna inspect.signature. Ukilinganisha sahihi mbili kwa alama ==, inaangalia majina ya vitu, mufuatano, thamani za kuanzia, aina zilizoandikwa na kile kinarudishwa. Jina la fonksioni yenyewe haliingii. Kwa hiyo tuma zetu mbili haziko sawa. Lakini haitakuonya yenyewe, lazima uiulize. Tena iko kali kupita kiasi: ukiandika int huku, na kule "int" ndani ya alama za usemi, itajibu hapana, hata kama maana ni moja.

Kwa programu zinazogusa makuta ya watu, afadhali kuweka nyota: tuma(*, numero, franka). Vitu vilivyo nyuma ya nyota vinatolewa kwa jina tu, na hapo Python haihesabu tena mufuatano wavyo. Mwenye kuita fonksioni analazimika kuandika wazi numero ni ipi na franka ni ngapi.