Picha Moja Haitoshi

Usiku wa Januari, mvua inapopumzika, anga la Mlali huwa jeusi kiasi cha kumwezesha mtu kuiona, kwa macho matupu, nyota hafifu iliyo jirani na ile ambayo mabaharia wa pwani waliiita Suheli. Wanaastronomia huiita Beta Pictoris. Iko umbali wa miaka ya nuru 63 hivi, na umri wake ni miaka milioni ishirini na ushei. Kwa nyota, huo ni utoto.

Utoto huo ndio uliowasaidia watafiti. Sayari kubwa iliyo changa bado ina joto la kuumbwa kwake, nayo hung'aa kwa mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Nuru ya nyota ikizibwa, sayari hujitokeza. Mwaka 2003 darubini ya Paranal, nchini Chile, ilinasa nukta kando ya Beta Pictoris. Anne-Marie Lagrange na wenzake walipoitangaza mwaka 2008 walitahadhari, maana huenda ilikuwa nyota ya mbali iliyosimama nyuma tu. Shaka iliondoka kwa picha za mwishoni mwa 2009: nukta ilikuwa imehamia upande wa pili wa nyota. Ilikuwa ikizunguka.

Mwaka huohuo wa 2008 ilitangazwa pia sayari kando ya nyota Fomalhaut, iliyopigwa picha na darubini ya Hubble. Miaka ikapita, nukta ikafifia na kutawanyika. Mwaka 2020 watafiti wawili walihitimisha kwamba yaelekea lilikuwa wingu la vumbi, zao la mgongano. Kinyume chake, sayari ambayo sisi Watanzania tuliipa jina Tanzanite mwaka 2019 haina picha hata moja; inajulikana kwa kuipunguzia nuru nyota yake, Mpingo, kila baada ya siku 3 hivi.

Mimi ni mwalimu wa historia, si wa anga, na Mlali iko wilayani Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulitafuta ardhi ya karanga kwa wiki 9, sehemu kubwa ukitazama kutoka kwenye ndege. Ugogo ulikuwa na sifa ya ukame tangu zamani, lakini msimu wa pili haukungojwa. Matrekta yakaja 1947. Udongo ukakauka ukawa kama saruji. Januari 1951 Uingereza iliuacha mradi, pauni milioni 36 zikiwa zimekwisha kuteketea.