Raspberry Pi inayorekodi kamera: ifanye ianze kazi yenyewe umeme ukirudi

Umeme umekatika saa saba usiku, umerudi saa tisa. Taa zimewaka, friji inanguruma, kamera ya getini nayo imewaka. Ila ile kompyuta ndogo inayorekodi kamera hiyo imewaka tu, hairekodi kitu. Inasubiri mtu aingie aandike amri. Mwenye nyumba atajua siku akiitafuta video ya usiku ule na kukuta haipo.

Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ina faida moja hapa: ikipata umeme inawaka yenyewe. Kinachobaki ni kuhakikisha programu ya kurekodi nayo inaanza.

Wengi huweka amri kwenye cron kwa mstari wa @reboot. Inafanya kazi, lakini cron inaianzisha programu mara moja tu kisha inaisahau. Kamera ikichelewa kuwaka, programu inakufa na hakuna wa kuiamsha.

Njia bora ni systemd. Hii ndiyo inayosimamia huduma zote kwenye Debian tangu toleo la 8 la mwaka 2015, na Raspberry Pi OS imejengwa juu ya Debian. Inaianzisha programu, inailinda, na ikianguka inaiinua tena.

Tengeneza faili /etc/systemd/system/kamera.service uandike hivi:

[Unit]
Description=Kurekodi kamera ya geti
Wants=network-online.target
After=network-online.target
RequiresMountsFor=/mnt/video

[Service]
User=kamera
ExecStart=/usr/bin/ffmpeg -nostdin -rtsp_transport tcp -i rtsp://ANWANI-YA-KAMERA -c copy -f segment -segment_time 600 -strftime 1 /mnt/video/%%Y%%m%%d-%%H%%M%%S.mkv
Restart=always
RestartSec=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Amri ya ffmpeg iwe kwenye mstari mmoja. Mtumiaji "kamera" lazima awepo na aruhusiwe kuandika kwenye folda ya /mnt/video.

Alama ya % imeandikwa mara mbili makusudi. Ukiandika moja, systemd inadhani ni alama yake yenyewe. Amri iliyokuwa inafanya kazi vizuri ukiiandika kwa mkono itagoma humu, na utapoteza jioni nzima kutafuta kosa.

Video zinahifadhiwa kama MKV, siyo MP4. Faili la kawaida la MP4 huandikiwa orodha yake ya ndani mwishoni, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, faili lile halifunguki. MKV iliyokatika bado inachezeka hadi pale ilipofika. Kwa nyumba ambayo Luku inaisha bila taarifa, hilo si jambo dogo.

RestartSec=10 inaipa kamera na ruta muda wa kuamka. Bila mstari huo systemd hujaribu haraka haraka, na ikishindwa mara tano ndani ya sekunde 10 inakata tamaa kabisa.

RequiresMountsFor inazuia kurekodi kama diski ya nje haijashika. Bila ulinzi huo video zitaenda kwenye memori kadi yenye mfumo wote. Kamera ya megabiti 2 kwa sekunde inakula takriban GB 21 kwa siku, kwa hiyo kadi ya GB 64 haimalizi siku tatu. Diski iandikwe kwenye /etc/fstab kwa UUID yake, na uongeze neno nofail ili ikiharibika kompyuta bado iwake.

Sasa washa:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now kamera

Neno "enable" ndilo linaloifanya huduma ianze kila kompyuta ikiwaka. "Start" peke yake ni ya leo tu, na wengi huishia hapo.

Kuna suala la saa. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri, na hata ya 5 betri yake inanunuliwa kando. Umeme ukirudi, saa huwa nyuma mpaka intaneti ipatikane, na majina ya video yanabeba muda wa uongo. Unaweza kuilazimisha systemd isubiri saa ipatane, lakini intaneti isiporudi hakuna kitakachorekodiwa. Bora video yenye saa mbovu kuliko kukosa video. Chipu ya DS3231 na betri yake ndogo inamaliza tatizo.

Video za zamani zifutwe na cron kila usiku:

find /mnt/video -name '*.mkv' -mtime +14 -delete

Kisha jaribu. Anza na sudo reboot, subiri dakika mbili, angalia kama kuna faili jipya kwenye folda. Kama halipo, journalctl -u kamera -b itakuonyesha sababu. Ikikubali, zima swichi kuu ya nyumba dakika moja halafu uiwashe, maana siku ya kweli kamera, ruta na Raspberry Pi vitaamka kwa pamoja, na ruta mara nyingi ndiyo ya mwisho.