Asili ya Mbio za Alfajiri Tanga

Historia ya mbio nchini Tanzania imeandikwa kwa medali na rekodi, na hizo hazikutoka pwani. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, ni mtu wa Karatu. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea na goti limefungwa bendeji, ni wa Mbulu. Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5000 Moscow mwaka 1980, ni wa Mara. Kwa hesabu hiyo Tanga haina historia ya mbio, wala Pangani na Muheza hazina. Nasema hesabu hiyo ndiyo yenye kasoro. Inahesabu vijana wanaokimbia ili wamshinde mtu, na inawaacha watu wazima wanaokimbia pamoja kila alfajiri kabla ya kwenda bandarini, ofisini, darasani au sokoni: makarani, makuli, walimu, akina mama wenye biashara zao, wastaafu. Mbio hizi nazo zina asili yake, na asili hiyo haimo kwenye riadha. Zimezaliwa na chama, yaani desturi ya siku nyingi ya watu wazima wa pwani kujiunga, kushona sare, kuchagua viongozi, kuchangishana na kutoka barabarani kwa wimbo.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye ngoma. Kuanzia miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, ilizuka beni, ngoma ya gwaride. Wachezaji walijipanga safu mithili ya askari, wakavaa sare, wakapiga tarumbeta na kupita mitaani wakiwatambia wapinzani wao. Terence Ranger, aliyeandika historia ya ngoma hiyo mwaka 1975, ameonyesha jinsi pande zake mbili kubwa, Marini na Arinoti, zilivyosambaa Tanganyika pamoja na askari, makarani na vibarua. Tanga, mji wa bandari na wa reli, haukukosa pande hizo. La muhimu kwetu si tarumbeta, bali kilichokuwa nyuma yake. Beni ilikuwa na viongozi wenye vyeo, mfuko wa michango na wajibu wa kumwangalia mwanachama akiugua na kumzika akifa, na vyama vya mji mmoja vilialikana na vya mji mwingine. Wanawake nao walikuwa na vyao: Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, ameeleza kwa kirefu vyama vya lelemama vilivyokuwa na vyeo, sare na mashindano makali. Anayezitazama leo klabu za mbio za mitaa ya pwani anaukuta muundo huohuo karibu bila pengo. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna fulana za rangi moja zenye jina la klabu mgongoni. Kuna mtoa wimbo na waitikiaji. Kuna mialiko ya bonanza, klabu ya huku ikipanda basi kwenda kukimbia na wenzao wa kule. Na kuna daftari la michango ya misiba na harusi, kwa sababu watu hawa kwanza ni wa kufa na kuzikana, mbio zinafuata.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki: kufanana si kurithiana. Beni ilififia zamani, na wanaokimbia leo hawakuicheza. Lakini chama chenyewe hakikufifia, kilibadili kazi tu. Mwaka 1922, chini ya Martin Kayamba, watumishi Waafrika wa serikali waliunda hapohapo Tanga chama chao, kimojawapo cha vyama vya mwanzo kabisa vya namna hiyo Tanganyika. Soka ikafuata: African Sports, kisha Coastal Union mwaka 1948, na mji ukagawanyika upya pande mbili kama ulivyozoea. Muziki nao ukaingia mkondo huo. Vikundi vya taarabu vya Tanga, Black Star na Lucky Star, vilikuwa klabu, si bendi tu. Kwa hiyo kati ya gwaride la beni na fulana za wakimbiaji wa leo hakuna kipindi ambacho mtu mzima wa Tanga alikosa chama cha kujiunga nacho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo watakaosema kwamba mbio za pamoja zililetwa na serikali, kwamba ni mchakamchaka na si kingine. Kweli, hatua na nyimbo nyingi zimetoka huko. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa Julai 1963, na mkoani Tanga lina kambi za Maramba na Mgambo. Shule za msingi zilikimbiza watoto asubuhi kabla ya vipindi. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, vijana walitembea mamia ya kilomita kuliunga mkono, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Kizazi kinachokimbia leo kikiwa na miaka 55 au 60 kilijifunza kupanga hatua kwa wimbo katika miaka iliyofuata. Lakini tuangalie kilichosalia na kilichotupwa. Mchakamchaka wa kambini ulikuwa wa amri: afande anapuliza filimbi, asiyetoka anaadhibiwa. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na hayakurudi hadi 2013, na katika miaka hiyo hapakuwa na afande wa kumwamsha mtu yeyote mtaani. Kama mbio zingekuwa mali ya dola, zingekufa hapo. Watu wazima walibaki na wimbo na safu, wakaiacha amri, na mahali pa amri wakaweka kile walichokuwa nacho tangu zamani: uchaguzi, mchango na aibu ya kumkosesha mwenzako. Serikali ilitoa hatua. Chama ndicho kilichozitunza.

Kazi nayo ina sehemu yake, na sioni namna ya kuieleza Tanga bila kazi. Reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893, na mwaka huohuo Richard Hindorf aliingiza mkonge. Katika vikonyo 1000 alivyoagiza ni 62 tu vilivyofika vikiwa hai, na kutokana na hivyo mkoa mzima ukageuka mashamba. Manamba, vibarua wa mashamba hayo, walihesabiwa kazi kwa kipande cha siku 30, na kila siku iliyofanyiwa kazi iliwekwa alama. Baadaye vikaja viwanda, kile cha mbolea na kile cha chuma mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha saruji mwaka 1980, na pamoja navyo zamu za usiku na mchana. Mfanyakazi wa mji wa namna hii ana saa moja tu iliyo yake kweli: ile kati ya adhana ya alfajiri na kengele ya kazi. Katika miaka ya neema mwajiri ndiye aliyegharimia michezo. Mashirika ya umma yalikuwa na timu na mashindano, na hadi leo mashirikisho ya michezo ya kazini, SHIMUTA na SHIMIWI, yanaendeleza desturi hiyo. Lakini mkonge, uliofikia zaidi ya tani 230,000 nchini mwaka 1964, uliporomoka, viwanda kadhaa vikafungwa, na mwenye kadi ya michezo ya kazini akajikuta hana kazi wala timu. Kwa maoni yangu hapo ndipo mbio zilipohama kutoka kiwandani kwenda mtaani. Mtaani haulizwi mtu yuko shirika gani.

Hali ya hewa imeisaidia saa hiyo ya alfajiri kudumu. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haizidi dakika 40. Wakimbiaji wazee wa Ulaya wakati wa baridi huamka gizani na kurudi gizani. Wa hapa hawabadilishi saa ya kukutana Januari wala Julai. Kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na usiku ukishuka hadi nyuzi 20 hivi, ndiyo miezi yao mizuri. Kaskazi huleta joto la kumaliza pumzi mapema. Taabu hasa ni masika: Aprili na Mei barabara za eneo la Ngamiani mjini Tanga hugeuka madimbwi, na mtu wa miaka 60 ana kila sababu ya kubaki kitandani. Hapo ndipo tofauti ya chama na dawa inapoonekana. Anayekimbia peke yake kwa ajili ya moyo wake atasubiri mvua ikatike. Anayejua wenzake kumi wanamngojea kona ya barabara atatoka, hata kama watatembea tu na kurudi.

Wengine watasema yote haya yameletwa na wageni na madaktari. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Auckland, Arthur Lydiard aliwakusanya watu wazima, baadhi yao wagonjwa wa moyo, akawakimbiza polepole. Bill Bowerman alipowatembelea kutoka Marekani mwishoni mwa 1962 aliachwa nyuma na mzee wa zaidi ya miaka 70, akarudi kwao na kuieneza habari hiyo. Lakini kule mchezo huo kwa sehemu kubwa uliishia kuwa wa mtu mmoja na saa yake mkononi. Pwani hii haukuwa hivyo. Kuhusu afya, hoja ni ya kweli na ya kutisha: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 26 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la damu na asilimia 9 wana kisukari. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Kampeni hiyo ilikuta safu tayari ziko barabarani; iliziongezea watu, haikuzianzisha.

Kama hoja hii ina uzito, basi ushahidi wake mkubwa uko kwenye madaftari ya makatibu wa klabu: majina, michango, mialiko, misiba. Madaftari ya vyama vya ngoma mengi yamepotea, na tunavijua vyama hivyo zaidi kwa maandishi ya wakoloni na watafiti kutoka nje. Makatibu wa klabu za mbio wa Tanga, Muheza na Pangani wasikubali yao yaende njia hiyo. Wapige nakala, wazipeleke makumbusho ya Urithi Tanga, na wafanye hivyo wakati wazee wanaoyajua majina yaliyomo bado wanakimbia.