Wavulana 506 na Sarafu Moja

Kwa nini mtu anayesomea ustawi wa jamii alazimishwe kujifunza mbinu za utafiti, ilhali kazi yake ni kusaidia watu? Wenzangu wanaotaka kuendelea hadi shahada ya uzamili hulalamika hivyo kila muhula. Mimi nawajibu kwa kisa cha miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, Marekani.

Mwaka 1905 Daktari Richard Cabot aliingiza wafanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali kuu ya jimbo hilo. Uzeeni alitaka kujua kama mvulana akipata mtu mzima wa kumwongoza ataepuka uhalifu. Angeweza kuwasaidia watoto kisha akajisifu. Badala yake, wavulana 506 walipangwa wawili wawili kwa kufanana umri, familia na mazingira, kisha sarafu ikarushwa. Mmoja alipata msaada, mwenzake akaachwa aishi kama kawaida. Cabot alifariki mwaka 1939, mradi ukiwa ndio kwanza unaanza, lakini hadi 1945 washauri waliendelea kuwatembelea wale 253 majumbani, kuwasaidia masomo, kuwapeleka kwa madaktari na kwenye kambi za likizo.

Sarafu hiyo inaniudhi kidogo, nakiri. Lakini bila yule aliyeachwa, aliyesaidiwa tungemlinganisha na nani?

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wote, nao walikuwa watu wazima. Theluthi mbili hivi ya waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Utafiti ungeishia hapo, tungepiga makofi. McCord hakuishia hapo: alipekua kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 yalionyesha kwamba waliosaidiwa ndio waliozidi kurudia uhalifu, kuonyesha dalili za ulevi na kufa mapema. Uchambuzi wa baadaye uligundua kwamba madhara yaliwaelemea hasa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja, pengine kwa sababu huko walifundishana utundu. Kumbe nia ilikuwa njema, na washauri walifanya kazi kwa bidii!

Hapa Uganda, tunapokwenda mafunzo kwa vitendo, tunapewa fomu za kuwauliza walengwa: "Je, umeridhika na huduma?" Wakisema ndiyo, ripoti imekamilika. Wanaume wale wa Massachusetts nao walisema ndiyo.