Uamuzi wa Hakimu katika Mashauri ya Mirathi, Uwanda wa Juu wa Makonde

Uamuzi wa mahakama ni hitimisho analolifikia hakimu au jaji baada ya kusikiliza pande zinazobishana, kupima ushahidi na kutumia sheria. Maelezo haya ni sahihi, lakini yanafanya ionekane kana kwamba sheria imeshajulikana kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Katika mirathi ya Newala na Masasi mambo hayaendi hivyo: sheria yenyewe mara nyingi hupatikana kwa ushahidi.

Mkulima wa Kitangari anapofariki na kuacha shamba la mikorosho, madai yanaweza kusimama juu ya sheria tatu. Kimila, Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo wapwa wanaweza kudai mali ya mjomba wao. Sheria ya Kiislamu, inayotokana na dini ya watu wengi wa Newala, humpa mjane fungu lake na watoto mafungu yao. Masasi, ambako misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza mwaka 1876, familia ya Kikristo inaweza kuegemea Sheria ya Urithi ya India ya 1865, iliyobaki katika sheria za Tanzania tangu ukoloni. Shamba ni lilelile, na kila sheria inaweza kulikabidhi kwa watu tofauti.

Kipimo cha mahakama za Tanzania ni mwenendo wa maisha ya marehemu, pamoja na nia aliyoionyesha kuhusu mali yake. Dini peke yake haitoshi, wala kabila peke yake. Hakimu huuliza marehemu aliishi vipi, aliacha wosia au la, na mambo ya familia yake aliyapeleka kwa nani. Majibu hayo ndiyo yanayoteua sheria. Ikiwa ni mila, kuna ugumu mwingine: Sheria za Mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilitungwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba. Mila ya Kimakonde haimo humo. Sharti ithibitishwe na watu wanaoifahamu.

Wapo watakaosema kwamba nafasi kubwa kiasi hiki humwachia hakimu afuate moyo wake, kisha atafute sababu baadaye. Hofu hiyo ina msingi, na sidhani kwamba kuna hakimu asiyekuwa na mwelekeo kabla ya kuandika. Lakini hukumu lazima ieleze hoja zinazobishaniwa, uamuzi juu yake na sababu. Hisia isiyoweza kuandikwa pamoja na ushahidi unaoibeba haiwezi kuvuka rufaa. Kuandika sababu ni sehemu ya kuamua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba Katiba imekwishakata mzizi wa jambo hili. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya alikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, akisema inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri na wa haki. Hata hivyo, kuunakili kwa shauri la Kitangari ni kosa. Kule aliyenyimwa alinyimwa kwa kuwa mwanamke. Katika ukoo wa mama, dada wa marehemu na watoto wake wanaweza kuwa ndio wanaoinuliwa, na wanaoachwa ni mjane na watoto aliozaa na marehemu, wa kiume na wa kike. Ubaguzi upo au haupo? Hakimu hawezi kujibu bila kujua nani alipanda mikorosho ile, nani aliipalilia, na mjane alichangia nini.

Ndiyo maana mahakama ya mwanzo ina uzito kuliko cheo chake. Rufaa hupanda mahakama ya wilaya, kisha Mahakama Kuu; kufika Mahakama ya Rufani kunahitaji Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria. Mahakama mbili za chini zikikubaliana kuhusu ukweli wa mambo, za juu huwa nzito kuugeuza. Swali ambalo hakimu wa kwanza hakumuuliza mjane huenda lisiulizwe tena.