Maneno ya Magila, Sauti za Kamina

Upande wa Muheza kutoka mjini Tanga, katika nchi ya Wabondei, ndiko iliko Magila, ambako wamisionari wa Kianglikana waliweka kituo cha kudumu mwaka 1875. Askofu wao, Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, alikuwa amekwisha kutafsiri kwa Kiswahili sala na sehemu kubwa ya Maandiko, hivyo Mkristo wa bara hiyo ya Tanga aliimba kwa lugha aliyoielewa, ingawa tuni, yaani sauti ambazo maneno hufuata, zilibaki za Kizungu.

Huko Kamina, katika Katanga ya Kongo, ambako Kiswahili kinasemwa pamoja na Kiluba, mambo yalipinduliwa. Guido Haazen, padri Mfransisko kutoka Antwerp, mji wa wasemaji wa Kiholanzi nchini Ubelgiji, aliunda kwaya ya wavulana na walimu ambayo mwaka 1958 iliimba Missa Luba. Misa, kwa maana ya kimuziki, ni utungo wa sala zisizobadilika za ibada, nazo ni Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo. Maneno yalikuwa yale yale ya misa ya Kilatini, lakini Mtakatifu ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana, na Hosana juu ya mapigo ya ngoma ya Kasai. Kwa kuwa sehemu kubwa haikuandikwa kwa nota bali ilizuliwa na waimbaji wenyewe papo hapo, kumwita Haazen mtunzi peke yake ni kuwapunja wanakwaya; alikuwa mkusanyaji na mpangaji, na hiyo si kazi ndogo.

Magila ilipata maneno ikakosa sauti, Kamina ikapata sauti ikakosa maneno. Kuyaunganisha mawili hayo katika Kanisa Katoliki kulipata idhini tarehe 4 Desemba 1963, pale Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya liturujia, yaani taratibu za ibada, ambayo ibara yake ya 119 inaagiza muziki wa asili wa mataifa upewe heshima inayostahili. Mwaka huohuo padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha Uswisi kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu.