Vitanda vya Ghorofa katika Mabweni ya Meru na Embu

Zamani vijana wa Kimeru waliotahiriwa walilala pamoja katika gaaru, nyumba kubwa ya wapiganaji. Baadaye misheni za Kaaga (1912) na Chogoria (1922) zilifungua njia ya shule, na mabweni yalipofurika, vitanda vikapandishwa kimoja juu ya kingine. Maseremala walikuwa na muuru, mti wa asili wenye mbao nzuri za samani. Siku hizi mafundi wa jua kali huchomelea mabomba ya mraba, wakiweka ngazi upande wa miguuni na ukingo wa kumzuia anayelala juu asianguke. Chuma hakiliwi na mchwa. Nafasi nayo ina kanuni: baada ya moto wa shule ya Kyanguli, Machakos, kuua wanafunzi 67 mwaka 2001, mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 uliagiza angalau mita 1.2 kati ya vitanda, na njia ya angalau mita 2. Bweni lisilotimiza vipimo hivyo ni hatari.